Kipande cha Kona

Usiku wa giza, mtu akisimama juu ya kilima cha Bugando, Mwanza, na kutazama Ziwa Victoria, huona kitu kama mji wa pili umejengwa majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana kazi hiyo haifanyiki mbalamwezi ikiwaka. Hungojewa giza, taa ikawekwa juu ya maji, samaki wakajikusanya chini yake, kisha wavu ukazungushwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kila taa hutandaza duara la mwanga juu ya maji, na kila duara lina kitovu chake, ambacho ni taa yenyewe.

Kwa mvuvi aliye kando ya taa, duara hilo halina fumbo, maana yeye yuko katikati. Aliyesimama Bugando ndiye mwenye kazi. Kwake kitovu kiko mbali, hatua nyingi mbele na nyingine nyingi kushoto, na akijaribu kuliandika duara lile kihesabu kutoka pale alipo, atapata mstari mrefu wa herufi na namba ambao hauonyeshi taa iko wapi wala mwanga umefika wapi. Duara limo ndani ya mstari huo, ila limejificha.

Njia ya kulitoa inaitwa kukamilisha mraba. Wanafunzi wa Tanzania hukutana nayo kidato cha pili, katika mada ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile ambayo wengi huiita kwadratiki. Wengi huikariri, huitumia siku ya mtihani, na jioni yake huwa wameshaisahau. Si ajabu, kwa kuwa hufundishwa kama orodha ya hatua: gawa kwa mbili, zidisha kwa yenyewe, ongeza pande zote. Kwa nini kugawa kwa mbili na si kwa tatu? Mwalimu akiwa na wanafunzi themanini darasani, swali hilo hubaki mdomoni mwa mtoto.

Jibu lake linaonekana pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, penye turubai la dagaa.

Tuseme mfanyabiashara ana turubai la mraba, urefu sawa na upana, lakini hatujui ni mita ngapi. Tuuite urefu huo x. Eneo lake basi ni x mara x, yaani x². Mzigo umezidi, kwa hiyo anaunga kipande cha upana wa mita 5 upande wa kulia, na kingine cha upana huo huo upande wa juu. Kila kipande kina urefu wa x, kwa hiyo viwili kwa pamoja vina eneo la 10x. Tuseme tena kwamba turubai lote, pamoja na viraka vyake, lina mita za mraba 39. Kwa maandishi: x² + 10x = 39. Turubai la mwanzo lilikuwa na urefu gani?

Litazame sasa lilivyolala chini. Ni kama mraba mkubwa, ila kona moja haipo: pale juu kulia, viraka viwili vinapokaribiana, pamebaki pengo. Pengo hilo lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 5, basi ni mita za mraba 25. Lizibe. Turubai sasa ni mraba kamili, na eneo lake ni 39 kuongeza 25, ambayo ni 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Toa zile 5 zilizoungwa, zinabaki 3. Turubai la mwanzo lilikuwa la mita 3 kwa 3.

Ndiyo hiyo kukamilisha mraba, yote. Kumi imegawanywa kwa mbili kwa sababu viraka ni viwili. Tano imezidishwa kwa yenyewe kwa sababu pengo ni la mraba. Na 25 imeongezwa pande zote mbili za alama ya sawasawa kwa sababu ile ile inayomfanya muuza dagaa, akiongeza kikombe upande mmoja wa mizani, aongeze na jiwe upande wa pili.

Mfano huo wa 39 haukubuniwa Kirumba. Ni wa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mnamo mwaka 820 hivi, katika zama za khalifa al-Ma'mun. Yeye hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Kila kitu alikiandika kwa maneno, kisha akachora mraba ule na vipande vyake ili msomaji aone kwa macho. Wababeli nao walikuwa wakitatua maswali ya jinsi hii kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili kitabu cha al-Khwarizmi kina utamu wa pekee, kwani maneno yake tunayo vinywani. Kichwa cha kitabu kina neno *hisab*, ambalo kwetu ni hesabu. Mraba na duara ni maneno yaliyotoka Kiarabu hicho hicho. Na namba isiyojulikana iliyozidishwa kwa yenyewe, hii tunayoiandika leo x², yeye aliiita *mal*: mali. Swali lake basi lilihusu mali ambayo, ikijumlishwa na kumi za mzizi wake, inafika dirhamu 39. Mchuuzi wa Mwaloni angelielewa bila kutafsiriwa.

Al-Khwarizmi alikubali jibu moja tu, 3. Aljebra ya leo inatoa na la pili, hasi 13, kwa sababu hasi 8 ikizidishwa kwa yenyewe nayo ni 64. Turubai la urefu wa hasi 13 halijawahi kuuzwa popote, na mzee huyo wa Baghdad hakulipa nafasi.

Hadi hapo tuna kitu kimoja kisichojulikana. Ziwani vinahitajika viwili, maana mahali pa kitu juu ya maji hapatajwi kwa namba moja. Lazima useme umbali wa kwenda mashariki, x, na umbali wa kwenda kaskazini, y. Wazo hili la kuandika maumbo kwa jozi za namba lilipata nguvu Ulaya katika karne ya 17, hasa baada ya Mfaransa René Descartes kuchapisha kazi yake ya jiometri mwaka 1637, zaidi ya miaka mia nane baada ya al-Khwarizmi. Mbinu ya kona iliyokosekana haikubadilika. Ilianza tu kutumika mara mbili katika swali moja.

Kanda ya Ziwa ina mfano wake ulio hai: vizimba vya samaki. Ufugaji wa sato katika vizimba umeenea upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, na anayepita kwa boti kandokando ya Mwanza huviona, vingine vya mraba vilivyoundwa kwa mabomba ya chuma na mapipa ya kuelea, vingine vya duara la mabomba ya plastiki. Tuchukue cha duara. Tuseme mchoraji wa ramani ya shamba ameweka sifuri yake kwenye boya moja, akapima kwa mita, na kwenye karatasi yake ukingo wa kizimba umeandikwa hivi:

x² + y² − 24x − 10y + 144 = 0

Msimamizi wa shamba akipewa mstari huu atafanya nao nini? Hauonyeshi pa kuteremsha nanga wala ukubwa wa wavu wa kushona. Zikusanye x mahali pamoja na y mahali pamoja, ile 144 uivushe upande wa pili:

(x² − 24x) + (y² − 10y) = −144

Safari hii kuna alama ya kutoa, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Rudi kwenye turubai. Kutoa 24x ni kukata: unakata kipande cha upana wa 12 upande mmoja, na kingine cha upana wa 12 upande wa jirani. Lakini ile kona, vipande viwili vinapokutana, imehesabiwa katika kila kipande. Imekatwa mara mbili, na turubai lina kona hiyo mara moja tu. Lazima irudishwe moja, nayo ni 12 mara 12, ambayo ni 144. Ndiyo maana hata unapotoa, kona huongezwa. Kwa y ni vile vile: nusu ya 10 ni 5, na kona yake ni 25. Ongeza zote mbili kulia pia: hasi 144, jumlisha 144, jumlisha 25. Inabaki 25.

(x − 12)² + (y − 5)² = 25

Sasa mstari unasomeka. Kitovu cha kizimba kiko mita 12 mashariki ya boya na mita 5 kaskazini. Nusukipenyo ni kipeuo cha pili cha 25, yaani mita 5, na kipenyo ni mita 10. Kwa nini huu uwe mlinganyo wa duara? Kwa sababu ya kanuni ya Pythagoras, ile ambayo fundi uashi huitumia anapopima kona ya msingi kwa kamba ya 3, 4 na 5. Umbali wa kwenda mashariki uliozidishwa kwa yenyewe, ukijumlishwa na ule wa kwenda kaskazini uliozidishwa kwa yenyewe, hutoa umbali wa moja kwa moja uliozidishwa kwa yenyewe. Mlinganyo wetu unasema kwamba kila nukta ya ukingo iko mita 5 kutoka kitovuni, na kitu kilicho hivyo ni duara.

Kanuni hiyo hiyo inatoa zaidi. Kutoka boya hadi kitovu ni kipeuo cha pili cha 144 kuongeza 25, ambacho ni 13. Toa nusukipenyo: ukingo wa karibu uko mita 8 kutoka boya, wa mbali uko mita 18. Yote hayo yalikuwemo katika ule mstari wa kwanza.

Kuna karatasi nyingine zinazopaswa kutiliwa shaka. Kama mwisho wa mstari ungekuwa 169 badala ya 144, upande wa kulia ungebaki sifuri: kizimba chenye nusukipenyo cha sifuri, nukta tupu isiyofuga hata samaki mmoja. Kama ungekuwa 200, kulia kungebaki hasi 31, na hakuna umbali ambao ukizidishwa kwa yenyewe hutoa hasi. Kizimba hicho hakipo. Mchoraji amekosea, na kukamilisha mraba kumemfichua kabla fedha hazijatoka.

(Kwa wanaojiuliza kama duara lina faida: bomba la mita 31.4 likikunjwa duara huzunguka eneo la mita za mraba 78.5. Bomba hilo hilo likikatwa kuwa mraba huzunguka 61.6 hivi. Tofauti inazidi robo. Hata hivyo fundi wa kuchomelea atakwambia kwamba chuma kilichonyooka ni rahisi kuunga kuliko kukikunja, na hoja yake nayo ina uzito.)

Mambo hunoga zaidi duara zikiwa mbili. Fikiria ufukwe ambao ziwa liko kaskazini yake na nchi kavu kusini, kama pande za Igombe wilayani Ilemela. Minara miwili ya simu imesimama hapo. Wa kwanza tuufanye sifuri yetu. Wa pili uko kilomita 7 mashariki na kilomita 1 kaskazini. Usiku, mtumbwi umezimikiwa na injini, na simu ya mvuvi inasikika na minara yote miwili. Kutokana na muda wa mawimbi, mitambo inakadiria kwamba simu iko kilomita 5 kutoka kila mnara. Uko wapi?

Mnara wa kwanza unasema x² + y² = 25. Wa pili unasema (x − 7)² + (y − 1)² = 25, na mabano yakifunguliwa inakuwa x² + y² − 14x − 2y + 25 = 0. Toa mlinganyo mmoja kwenye mwingine: vipeo vya pili vyote vinajifuta, panabaki 14x + 2y = 50, yaani y = 25 − 7x. Huo ni mstari ulionyooka unaopita palepale duara mbili zinapokatana. Iweke y hiyo katika mlinganyo wa kwanza, punguza kwa kugawa, na unafika hapa:

x² − 7x = −12

Turubai tena. Nusu ya 7 ni 3.5, kona ni 12.25. Ongeza pande zote: (x − 3.5)² = 0.25. Kipeuo ni 0.5, kwa chanya au kwa hasi. Kwa hiyo x ni 4 au 3. Ikiwa 3, y ni 4. Ikiwa 4, y ni hasi 3.

Aljebra imetoa mahali pawili na haipendelei popote kati ya hapo. Lakini hasi 3 maana yake ni kilomita 3 kusini ya mnara, nchi kavu, pengine kwenye shamba la mihogo, na mtumbwi haupotelei huko. Waokoaji waende kilomita 3 mashariki na 4 kaskazini. Hapa jibu hasi halikutupwa kwa sababu tu ni hasi, kama la al-Khwarizmi. Limetupwa na mtu anayejua ziwa liko upande gani. Kama minara ingekuwa kisiwani, maji kila upande, ungehitajika mnara wa tatu kuamua. Tena vipimo halisi huwa na makosa, mara nyingine ya mamia ya mita, kwa hiyo duara hazikatani kwenye nukta safi kama hapa mezani bali kwenye eneo la kutafuta.

Kifaa cha GPS hufanya hesabu ya ukoo huo huo kwa setilaiti zilizo juu yetu kilomita elfu 20 na kidogo, ila badala ya duara hutumia tufe, na herufi ya tatu, z, huingia. Huhitaji angalau setilaiti nne, ya nne ikiwa ya kusahihisha saa ya kifaa. Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iliyoko Kiseke, Mwanza, ambayo husaidia kufuatilia dhoruba za ziwani, ina raha yake: inajua umbali na inajua pia ilikuwa imeelekea wapi mwangwi uliporudi, kwa hiyo hujitosheleza. Mawimbi yake husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, wingu liko umbali wa kilomita 150.

Rudi darasani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma Hisabati kwa Kiswahili hadi amalize shule hiyo: mraba, mstatili, duara, eneo. Akifika kidato cha kwanza anakuta somo lile lile limevaa Kiingereza, na kufikia kidato cha pili, kukamilisha mraba kunamjia kwa jina ambalo halimkumbushi umbo lolote. Neno mraba limebaki shule ya msingi. Haishangazi kwamba Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yanayoangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne. Sababu ni nyingi, uhaba wa walimu ukiwemo, na turubai moja halitaziondoa. Lakini kuchora mraba wenye kona pungufu ubaoni hakuhitaji bajeti, wala maabara, wala lugha ngeni, na huchukua dakika tano.

Msomaji mwenye penseli ajaribu hili. Mchoraji yule wa vizimba amerudi na cha pili, kwenye ramani ile ile, boya lile lile likiwa sifuri:

x² + y² − 8x + 2y − 8 = 0

Msimamizi anataka kujua kama boti ya chakula itapita kati ya kizimba hiki na kile cha kwanza. Kona ni 16 kwa x na 1 kwa y. Kulia kunakuwa 25. Kitovu kiko mita 4 mashariki na mita 1 kusini, nusukipenyo ni mita 5. Kutoka kitovu hiki hadi kile cha kwanza ni 8 kwa mashariki na 6 kwa kaskazini, basi moja kwa moja ni mita 10 kamili, sawa na nusukipenyo mbili zikijumlishwa. Vizimba vimegusana, boti haipiti. Na kabla ya kumrudishia karatasi yake, weka sifuri mahali pa x na sifuri mahali pa y: upande wa kushoto unatoa hasi 8, chini ya sifuri, yaani umbali kutoka kitovuni haufiki nusukipenyo. Boya lenyewe limo ndani ya wavu.